Nilivuka Ghala Nikuone Uso

Na tena Injinia hakukuachia ule mchezo, Minza. Hilo ndilo nililotaka kukujibu jana tukila, lakini ulikwisha kusukuma sahani, ukasema, "Wewe ulihama, mama," ukaenda kufunga sanduku. Injinia alinitazama, mimi nikatazama bakuli la mlenda, na chakula kikaishia hapo.

Sasa umekwenda kwa shangazi yako kumuaga bibi. Nyumba imetulia, jua linashuka, nami nimevuta kiti mlangoni penye mwanga. Barua hii nitaiweka chini ya mashuka sandukuni, uikute Tabora utakapotandika kitanda chako cha kidato cha tano. Sitakuandikia habari za soksi, wala za kufungia ndoo kwa kufuli, wala za wasichana wanaoazima na wasirudishe. Hayo shangazi yako anayasema tangu Jumapili na atayasema mpaka basi liondoke. Mimi nataka tuzungumze juu ya mchezo ule wa chesi, wewe na Injinia, uliokwisha bila mshindi, ambao mimi na wewe bado hatujaumaliza.

Kwanza univumilie nikiwa na furaha. Najua inakuudhi. Najua umechoka kunisikia nikiimba ninapopepeta mchele. Mjane wa siku nyingi, mwenye mvi upande wa kushoto, kuolewa tena kanisani kwa gauni nililolishona mwenyewe, na hata leo, mwezi wa pili huu wa ndoa, mume wangu akisema asubuhi, "Mwangaluka, Rejina," naona haya kama mwari. Hakuna aliyekuwa akiniita Rejina. Nilikuwa Mama Minza, nilikuwa shemeji, nilikuwa fundi cherehani. Nilidhani jina lile limezikwa na baba yako. Sasa kuna mtu analitamka polepole, kana kwamba kuna kitu ndani yake kinaweza kumwagika. Nitakapokuwa nimezeeka kabisa nitakuwa bado nashangaa.

Lakini hakuanza kuwa wangu. Alianza kuwa wako, na hilo sijalisahau.

Ilikuwa msimu ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia Bariadi na malori yao. Sabuni ilikuwa imerudi madukani, mitumba imejaa mnadani, na kila juma palikuwa na mgeni barazani kwa Mzee Salum, pale nilipokuwa nimeweka cherehani yangu. Wewe ulikuwa umekaa juu ya gunia la chumvi, umetoka shule, unakula karanga zangu. Akaja mtu mrefu wa Ipililo, kaletwa kufunga mashine za kiwanda kipya cha kuchambua pamba. Akafungua gazeti lenye maandishi nisiyoweza kuyasoma, akamwaga mezani pangu kete za mti, nyeupe na nyeusi, akaomba nimshonee mfuko wa kuzitunzia.

"Wanasesere hawa ni wa mwanao?" nikamuuliza.

"Ni wangu."

"Mtu mzima hivi?"

"Nilikwenda Urusi kusomea mashine," akasema. "Wenzangu walirudi na makabati. Mimi nikarudi na hawa."

Mzee Salum akacheka mpaka akakohoa. "Injinia, na mke je? Au umemwacha kwenye theluji?"

Wewe hukucheka. Ulikuwa umeshika kete moja yenye kichwa cha mnyama, unaigeuzageuza. "Huyu farasi anakwendaje?"

"Haendi. Anaruka."

"Anaruka nini?"

"Chochote kilichomzibia. Hata ndugu zake."

Hapo ndipo ulipocheka, na yeye akavuta kopo la rangi akakaa mbele yako. Mimi nilimshonea mfuko kwa kipande cha kitenge chenye maua mekundu kilichobaki kwenye gauni la bi harusi wa Kimali. Nilishona polepole kupita kawaida. Nilikuwa nasikiliza.

Ufunguzi aliokufundisha aliuita wa Kirusi. Niliuelewa bila kukusudia, mguu ukiwa kwenye pedeli. Mweupe anatoa askari aliye mbele ya mfalme, hatua mbili. Mweusi anatoa wake, na wale wawili wanabaki wameangaliana, hakuna awezaye kupita. Mweupe anatoa farasi na kumtishia askari yule. Mtu wa kawaida hapo humlinda askari wake. Mwenye kucheza Kirusi halindi. Naye anatoa farasi, anamtishia askari wa mwenzake. Unanigusa, nakugusa.

"Sasa hapa ndipo wengi wanakufa," Injinia akakuonya. "Akila askari wako, usile wake papo hapo. Kwanza mfukuze farasi wake. Akiondoka, ndipo ule."

Hukusikia. Ulikula papo hapo, na punde malkia wako akaenda. Ukanuna, midomo ikakutoka kama ya baba yako akinyimwa chai. Ukasema, "Tena." Akakunasa kwa mtego uleule. "Tena," ukasema. Mpaka Mzee Salum anafunga mlango wa duka, ulikuwa umejifunza kungoja.

Na mimi, mwanangu, nilikuwa na kisa changu cha kula papo hapo. Hukukijua kwa sababu ulikuwa mdogo. Kwenye matanga ya baba yako, bibi yako alisema kwa uchungu wa mzazi aliyefiwa kwamba nyumba yangu haina mkono wa kutunza mtu. Nikamjibu palepale, mbele ya watu wote. Lilikuwa jibu zuri. Nililipa jibu lile kwa kutokanyaga Bukundi, kwao baba yako, miaka na miaka, na wewe ukakua hujui mlango wa zizi la babu yako ulielekea wapi. Siku ile barazani, nikiwa na uzi mdomoni, nilimsikia mgeni akimwambia mwanangu, mfukuze farasi kwanza, ndipo ule, na mguu wangu ukasimama. Kabla masika hayajaanza nilipanda lori kwenda Bukundi. Hakuna aliyeomba radhi. Bibi yako aliweka ungo wa choroko katikati yetu, tukachambua mpaka zikaisha, kisha akaniita mama, akasema, "Jua limekuchwa, mayu, utalala." Ndiyo maana leo una bibi wa kumuaga.

Basi mtu aliyenifungulia njia ile, na hata hajui kama ameifungua, ungetaka nisimpende kwa namna gani?

Halafu yakaja mashindano. Kiwanda kilikuwa kinafunga msimu, na meneja akataka michezo: kuvuta kamba, drafti, na chesi kwa heshima ya Injinia. Walijiandikisha makarani, walimu wawili, mpimaji pamba kutoka Maswa, na wewe. Nakumbuka karani mmoja alivyosema, "Huyu binti tumtoe mapema awahi kusonga ugali." Ulimtoa yeye kabla chai yake haijapoa. Ikafika mchezo wa mwisho, wewe na Injinia mmelingana kwa pointi, zawadi ni redio ya kaseti iliyowekwa juu ya meza ikiwa bado ndani ya boksi.

Na Bariadi nzima ilikuwa inajua kwamba mshenga wake alikwisha kuja kwetu, na kwamba ng'ombe walikuwa wanazungumzwa. Nilijua vilevile kwamba tangu siku ya mshenga ulikuwa huendi tena barazani kujifunza. Ulikuwa unacheza peke yako chumbani, kwa vizibo vya soda.

Mlichezea kwenye lile ghala la chama cha msingi cha ushirika, ambalo tangu wanunuzi wengine waingie lilikuwa limebaki na popo na ile mizani kubwa inayoning'inia. Watu walijaa. Walikuja wakidhani ni kitu kama drafti, penye kupiga kete kwa kishindo na kutukanana. Wakakuta ninyi wawili mmekaa kimya mnatazama ubao. Bibi yako, aliyekuja toka Bukundi kwa ajili yako, alisimama nami nyuma ya kiti chako akanong'ona kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni, "Mbona hawaanzi?"

"Wameanza, mama."

"Ngoma gani hii haina ngoma?"

Yeye alikuwa na weupe. Akatoa askari wake, ukatoa wako. Akatoa farasi, ukatoa wako. Kirusi. Nilimwona akiinua nyusi, kisha akatabasamu kidogo, akala askari wako. Nikashika bega la bibi yako. Hukula. Ulimfukuza farasi wake kwanza, ukangoja, ndipo ukala. Nilitaka kupiga kigelegele, nikajiuma ulimi.

Lakini watu wetu hawajui kutazama mchezo bila kuchagua upande. Wewe umekulia humu, unajua mbina inavyochezwa baada ya mavuno: makundi mawili uwanja mmoja, kila kundi na ngoma zake, na watu wanakimbilia lile linalowavuta. Mwamuzi mwingine hakuna. Penye watu wengi ndipo penye ushindi, na anayetoka kundi moja akasimama kwenye jingine amekwisha kusema yote bila kufungua mdomo. Basi mle ghalani nako wakaanza. Hawakuijua chesi, wakahesabu rundo la kete zilizoliwa. Ulipomla askofu wake, wakaja kwako. Alipokula ngome yako, nusu ya ghala ikavuka kwenda kwake, miguu ikiburura sakafuni, na vumbi la pamba likainuka kwenye mwanga wa dirisha. Wakabaki nyuma yako wasichana wa shule yako, na bibi, na mimi.

Sasa sikiliza vizuri.

Uliinamia ubao, hukugusa kete. Mimi nilikuwa nyuma yako, naona nywele zako nilizozisuka asubuhi, naona kola, naona mabega. Hayakutikisika. Nikajiuliza, analia? Anaumwa? Na hapo wazo likanijia ambalo halijanitoka hadi leo: kwamba nimekuwa nyuma yako maisha yako yote. Nilikubeba mgongoni, kisha ukaanza kutembea nikawa nyuma yako. Nyuma yako na ada, nyuma yako na cherehani, nyuma yako kila asubuhi ukienda shule, mgongo wako ukipotea kwenye kona ya kisima. Nilijivunia kwamba niko nyuma ya mwanangu. Na aliye nyuma ya mtu, Minza, haoni uso wake.

Nilitaka kukuona. Ni hilo tu. Sikufikiri mbina, sikufikiri Injinia, sikufikiri ghala zima linaniangalia. Nikazunguka mizani, nikavuka, nikasimama upande wa pili, na upande wa pili ulikuwa ni nyuma ya kiti chake. Ndipo ulipoinua macho kutoka kwenye ubao na kuniona nilipo.

Hilo ni kosa langu, nami silipunguzi. Mwanamke aliyezaliwa Usukumani, akajua miguu inasema nini mbele za watu, akavuka wakati ule, na kwa mwanamume yule. Bibi yako hakukosea alipokutania njiani, "Mama yako kahama ngoma." Alitania, lakini alisema alichokiona kila mtu.

Ila wewe hujui nilichokiona mimi, kwa sababu mtu hauoni uso wake mwenyewe. Acha nikusimulie. Uliniona, macho yakakaa kwangu kidogo, kisha yakarudi kwenye ubao. Ncha ya ulimi ilikuwa kwenye pembe ya mdomo, kama baba yako alipokuwa akitunga uzi kwenye sindano yangu. Mshipa ulikuwa unapiga shingoni. Halafu kitu kikapita usoni pako. Sina neno lake. Nimewahi kuona mvua ikija kutoka mbali kwenye mbuga, nchi yote kavu, na ukanda ule wa giza unatembea juu ya mashamba mpaka unafika ulipo. Kilikuja hivyo. Uso wako ukatulia, ukawa mpana, ukawa wa mtu mzima nisiyemjua, aliyeona njia mahali ambapo sote tuliona ukuta. Nilikuzaa mimi, nilikuogesha mimi, na nilisimama pale nikamwogopa mwanangu kwa uzuri wake. Nilishika kiti cha Injinia nisianguke. Nasikia na hilo nalo lilisemwa mnadani.

Ukamshika malkia, ukamvusha ubao mzima, ukamtishia mfalme. "Cheki."

Injinia akamsogeza mfalme wake pembeni. Malkia akamfuata. "Cheki." Akamrudisha alipotoka. Malkia naye akarudi. "Cheki." Nilikuwa karibu naye kiasi cha kunusa sabuni ya shati lake, nikaona jasho likishuka nyuma ya sikio na goti lake likicheza chini ya meza. Alikuwa amebakiza hatua moja tu akufunge, na hatua ile hukumpa nafasi ya kuicheza. Alimpeleka mfalme kote alikoweza, na kila alikokwenda ulikuwapo. Ubao ukarudi uleule, na uleule tena. Ndipo akalaza viganja vyote viwili mezani, akasema kwa sauti ndogo, "Sare. Ubao ukijirudia mara tatu, sheria inasema sare."

Ghala zima halikujua lisimame wapi. Wengine waliganda katikati, chini ya mizani.

"Kashinda nani?" bibi yako akauliza.

"Hakuna, bibi," msichana mmoja wa shule akamjibu.

"Hakuna? Basi warudie."

Na watu wangecheka tu yakaisha, kama meneja asingeinua lile boksi la redio na kusema, "Hii mtagawana wenyewe, si mtakuwa nyumba moja?" Walicheka kicheko kile kingine. Ukainuka ukatoka. Tangu hapo umeamini kwamba sare ile ulipewa, kama peremende ya kumnyamazisha mtoto ili mama yake aolewe vizuri. Siku ya harusi ulibeba maua yangu na hukunitazama.

Mimi nilimuuliza, Minza. Nilimuuliza kabla ya harusi, tukitembea kandokando ya mto Simiyu, na nilikuwa nimekata shauri kwamba akisema ndiyo, ng'ombe watarudi Ipililo.

"Ulimwachia?"

Alisimama. Sijamwona amekasirika ila siku ile. "Rejina, mimi simwachii mtu. Mama yangu mzazi ana macho mabovu na simwachii kwenye drafti."

"Basi ilikuwaje?"

"Alinifunga kamba. Nilizunguka pale kama ndama kwenye kigingi. Nimelala usiku nikitafuta pa kutokea, na hapapo." Kisha hasira ikamtoka, akatazama maji. "Unajua nani alimfundisha ile njia? Hakuna. Sikuwahi kumwonyesha. Aliizaa palepale kwenye kiti." Na sauti yake, mwanangu, ilikuwa ile anayoitumia akitamka jina langu.

Redio ingali ndani ya boksi chini ya kitanda chetu. Nikimwambia aifungue tusikilize taarifa ya habari anasema nusu si yake.

Sikuandikii haya ili umwite baba. Baba yako yuko Bukundi, nami sijamsahau kwa sababu nimecheka tena. Mwite Injinia mpaka uzeeke. Nataka tu uende Tabora ukijua kwamba ile sare ni mali yako halali, uliichuma kwa akili yako, hukupewa na mtu. Huko utakutana na wasichana waliosoma shule kubwa kuliko zetu, na watakuwa na ngome zaidi yako. Sina ushauri juu ya hilo. Nimeona uso wako ulipokuwa umepoteza kila kitu, na nimeona kilichofuata.

Na mimi nilikuwa nadhani mambo yote ya watu huisha kwa mmoja kushinda. Nilibishana na baba yako, Mungu amrehemu, kwa kutaka kushinda, na nilishinda mara nyingi, tukawa tunalala mgongo kwa mgongo. Sasa jioni nikitofautiana na mume wangu tunafika mahali, anacheka, anasema, "Sare?" nami nasema, "Sare," na tunakula chakula kikiwa bado cha moto. Sikujua kwamba inaruhusiwa.

Kesho stendi nitasimama tena nyuma yako, kwa sababu utakuwa unapanda basi na mimi nabaki, hakuna namna. Ukipata kiti cha dirishani, geuka. Usipogeuka pia nitaelewa.

Lakini kabla mwezi huu haujaisha nitakuja, siku ya wageni. Nimekwisha kumwambia Mzee Salum barazani hatanikuta. Nitakuja peke yangu. Injinia anasema safari hii ni ya wawili tu. Amenipa kete zake zote ndani ya mfuko wangu wa kitenge, na ubao nimeufunga kwa kanga. Ninajifunza kila jioni, ingawa farasi bado ananishinda. Tutatafuta kivuli au ngazi yoyote hapo shuleni kwenu. Mimi nitachukua weupe, nitoe askari wa mfalme hatua mbili, na wewe utoe wako. Usiniachie hata hatua moja. Mimi nitakuwa nimekaa mbele yako, nakutazama usoni, na hata ukinifunga mara kumi sitasogea hapo mpaka wapige kengele ya wageni kuondoka.

Mama yako,
Rejina